Fata Waya Mpaka Mwisho

Redio yetu ilikuwa ya baba, ingawa baba mwenyewe hakukaa nayo hata mwezi. Aliileta kutoka Tanga alipokuja likizo mara ya mwisho, ameifunga ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Akaiweka juu ya meza, akatuonyesha pa kuwashia na pa kutafutia stesheni, kisha akarudi kwenye mkonge. Wanaume wengi wa Kasulu na Kibondo walikwenda kukata mkonge namna hiyo. Waliitwa manamba. Wengine walirudi na baiskeli, wengine na redio, wengine hawakurudi. Baba alikuwa ameanza kuelekea kwenye kundi la tatu. Barua zake zilipungua, na zile zilizofika zilikuwa za salamu tupu: hamjambo, mimi mzima, wasalimie wote.

Mama hakumlaumu kwa hizo barua. Alikuwa hajui kusoma, kwa hiyo nilimsomea mimi, au mwenyekiti wa kijiji nikiwa shambani. Na baba naye aliandikiwa na karani wa kambi. Maneno yakishapita katika vinywa vyote hivyo, yanafika yamepauka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi.

Tulipohamia kijiji kipya, upande wa barabara ya kwenda Nyakitonto, ikaja elimu ya watu wazima. Mama alisoma jioni na wanawake wenzake katika darasa lilelile nililomalizia la saba, amekaa kwenye dawati dogo, magoti yamegusana na ubao. Alisoma kwa hasira. Alikuwa akirudi nyumbani anaandika herufi kwa kijiti kwenye majivu, akikosea anayavuruga yote na kuanza upya. Alipojua kusoma hakusema kitu. Siku moja tu alichukua barua ya zamani ya baba kutoka mkononi mwangu, akaisoma mwenyewe mpaka mwisho, akasema, "Kumbe ulikuwa unanisomea kweli. Hamna kitu humu."

Wanawake wa kisomo walikuwa na wimbo wao, na mama ndiye aliyeuanzisha. Ukavuma. Basi wakaja watu wa redio na Landrova, wanazunguka Kasulu na Kibondo wakirekodi vikundi vya kisomo. Wanawake walipoanza kuimba kwa Kiha, lugha yetu ya nyumbani, wakasimamishwa. Wakaambiwa redio ni ya taifa zima, waimbe Kiswahili. Wakanong'onezana, wakaanza tena, na katikati ya wimbo mama akatia ubeti wake ambao hakuna aliyekuwa ameusikia:

Baba watoto, sasa nasoma mwenyewe,
niandikie lile uliloogopa wengine wasome.

Wanawake walicheka hukohuko ndani ya wimbo, lakini hawakuacha kuitikia. Wale wageni hawakujua kwa nini wanacheka. Wakasema umetoka vizuri, utatangazwa Jumapili fulani mchana, wakaondoka na vumbi lao.

Kama mambo yangeishia hapo, tungekaa siku hiyo tukasikiliza redio kama watu wengine, na nisingekuwa na la kuandika. Lakini kulikuwa na mwanamume mmoja wa Kumsenga, aliyekaa kambi moja na baba, ambaye alikuwa likizoni. Alipopita Kasulu alitufikia, akatupa salamu, akasema msimamizi wao kule amenunua redio ya kaseti. Jioni wanaume wanamkusanyikia, na wenye kaseti za sauti za watu wa kwao wanapigiwa.

"Na mwenzangu naye anasema mumtumie ya kwake," alisema. "Nitarudi siku ile ya Jumatatu. Lori la Kibondo litanipitisha hapa barabarani asubuhi, nichukue, niwahi treni Kigoma."

Jumatatu yenyewe ilikuwa ndiyo inayofuata Jumapili ile ya wimbo.

Nikamwambia mama kwamba pengine baba atausikia mwenyewe redioni. Mama akasema, "Jumapili wanaume wa mkonge hawasikilizi redio. Wanasikiliza chupa." Akaenda dukani Kasulu na maharage kichwani, akarudi na kaseti mpya ndani ya karatasi yake. Sikumbuki kumwona mama akibeba kitu kwa uangalifu kama ule. Kwake wimbo ulikuwa barua ya kwanza aliyoituma bila kupitia kwa mtu.

Mwenye mashine ya kurekodia alikuwa Bwana Afya. Alikuwa mtu wa pwani, kahamishiwa kwetu kutoka Kibondo, kazi yake kukagua vyoo na visima. Kiswahili chake kilikuwa laini na cha haraka, na sisi tulikuwa tunaitikia "ndiyo, bwana" hata pale tulipokuwa hatujaelewa, ili tusionekane washamba. Kaseti yake, maana mashine yenyewe nayo tuliiita kaseti, ilikuwa nyeusi, ina mpini. Alikuwa amekwisha kujaribu kurekodi redio kwa kuviweka viwili hivyo uso kwa uso juu ya meza, na kila alichorekodi kilikuwa na kuku ndani yake. Kuku, watoto, mtu anapiga hodi. Kwa hiyo akaagiza waya. Waya ule ulikuwa na vichwa viwili vya duara, kila kichwa kina vipini vitano vya shaba ndani.

"Kwa waya," alimwambia mama, "hata ukitwanga humu ndani haitaingia. Itaingia redio tupu."

Mama akasema, "Hicho ndicho ninachotaka. Redio tupu."

Jumapili alikuja baada ya chakula, shati jeupe, waya kauzungusha mkononi. Shangazi alikuwa amekwishafika. Huyo ni dada yake baba, na hajapata kukosa jambo lolote lililotokea nyumbani kwetu. Alikaa mlangoni akaangalia tunavyosogeza meza.

"Leo redio mnaifunga kamba kama mbuzi," alisema. "Mnaogopa itatoroka kama mwenyewe?"

"Wifi, leo nyamaza," mama akamwambia.

Shida ya kwanza ilikuwa waya mfupi. Redio ilikaa mezani, kaseti ikabidi ishuke kwenye kigoda. Shida ya pili ilikuwa betri, ambazo kwetu tunaziita mawe. Madukani zilikuwa zimeadimika, na zetu tulikuwa tumezianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo. Bwana Afya akasema sauti ndiyo inayokula betri. Tupunguze sauti ya redio mpaka ikaribie kwisha kabisa, maana waya unachukua wimbo kutoka ndani kabla haujafika kwenye spika. Hatuna haja ya kusikia.

"Tusisikie?" mama akauliza.

"Utasikia kwenye kaseti, mama. Mara mia ukitaka."

Mama alijitazama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha sherehe, ameoga. Kisha akasema, "Haya."

Mimi nikaambiwa, "Wewe kijana, weka sikio hapo kwenye kitambaa cha spika. Wimbo ukianza, inua mkono." Nikapiga magoti, nikaweka sikio. Sauti ilikuwa ndogo kama ya mbu aliye chumba kingine.

Shida ya tatu ndiyo iliyotumaliza. Redio ilikuwa na tundu moja tu nyuma. Kaseti ilikuwa na mawili ubavuni, yanafanana kama mapacha: moja la kuingiza sauti, moja la kuitoa. Bwana Afya alikuwa ametuambia tundu la kweli ni lile lililo karibu na mpini. Alichomeka huko, akazunguka nyuma ya meza kuchomeka kwenye redio, na kule nyuma kichwa cha waya kikawa hakitaki kuingia. Akalala kifudifudi, nusu yake chini ya meza. Akavuta, akasukuma, akafoka. Huku mbele waya ukachomoka kwenye kaseti. Shangazi akaurudisha. Aliona tundu, akatia.

Bwana Afya alisikia tu kwamba kuna kitu kimegongana. Akiwa bado chini ya meza akaita, "Mama! Hebu fata huo waya mpaka mwisho, uniambie kama uko sawa."

Hapa lazima nieleze. Bwana Afya alisema fata akiwa na maana ya fuata. Alitaka mama aufuate waya kwa macho mpaka unapoishia, aone umeingia tundu gani. Lakini kwa Kiha fata ni shika. Mtu akikurushia embe anakwambia fata. Mtoto akitaka kuanguka mtoni unapiga kelele, mfate! Mama akainama, akaushika waya kwa mikono miwili, pale unapoingia kwenye kaseti, mwisho kabisa kama alivyoambiwa.

"Umefata?"

"Nimefata, bwana."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Uko sawa?"

Mama akaukaza. "Uko sawa kabisa."

Bwana Afya akatoka chini ya meza, magoti yamejaa udongo, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Kaseti ikaanza kuzunguka. Mbele yake palikuwa na kidirisha chenye sindano, na sindano ikaruka. "Mnaona inavyocheza?" akasema. "Inaingia hiyo."

Sindano ilikuwa inacheza kwa sababu yeye alikuwa anasema, na mashine ilikuwa inamsikia kwa sikio lake lenyewe, si kwa waya. Hilo nilikuja kulielewa baadaye.

Nikasikia mtangazaji, nikasikia neno Kasulu, kisha wanawake. Nikainua mkono. Wote wakatazama ule mkono wangu kama ndio unaoimba. Ilikuwa ajabu, mama yumo masikioni mwangu na pia yuko nyuma yangu ameinama, na aliye nyuma yangu hajui wimbo umefika wapi. Shangazi akasema kwa sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka nje, "Mbona huyu kainama hivyo? Kaambiwa akamue?"

Ndipo Bwana Afya akamwona.

"Mama, mbona umeshika waya?"

"Si umesema nifate?"

"Nimesema fata! Sikusema shika!"

"Ndiyo, nimefata!"

"Umeshika!"

"Nimefata, bwana, tangu uliponiambia! Mikono inaniuma!"

"Fata, mama, fata! Kwa macho!"

"Kwa macho nitafataje?"

Shangazi alikuwa amekaa chini anacheka, miguu imenyooka. Mimi nilielewa. Katika chumba kile nilikuwa peke yangu niliyesikia maneno yote mawili, la Bwana Afya na la mama. Lakini mimi si mwepesi wa kusema mbele ya watu, na tena ndani ya sikio langu mama alikuwa ameanza ubeti wake. Baba watoto. Nikafumba macho. Nikausikia wote, na kile kicheko cha wanawake ndani yake. Watu wa redio walikuwa hawajaukata ubeti ule. Nilipofumbua macho ili niseme, Bwana Afya alikuwa amekwisha kata shauri.

"Basi usiachie," alisema, anajifuta jasho. "Ukiachia sasa utaharibu zaidi. Usiachie, mama. Hivyo hivyo. Usiachie mpaka niseme."

Na mama hakuachia. Jasho lilimtiririka puani naye hakujifuta. Wimbo ukaisha. Nikashusha mkono. Bwana Afya akafungua sauti ya redio, na wote tukasikia mtangazaji akisema, "...hao walikuwa akina mama wa Kasulu," betri zikazimika.

Tulirudisha kaseti nyuma, tukasikiliza. Ilianza na "Mnaona inavyocheza?" Akaja kuku. Tukasikia shangazi na kukamua kwake. Kisha fata, umeshika, nimefata, yote safi, hakuna neno lililopotea, kumbe mashine ilikuwa nzuri sana. Kisha sauti ya Bwana Afya, ya karibu, ya upole kwa kuchoka: "Usiachie, mama. Hivyo hivyo. Usiachie mpaka niseme." Kisha kimya kirefu cha watu wanaohema. Mwisho kabisa, kwa mbali, mtangazaji na "akina mama wa Kasulu" wake. Wimbo haukuwamo.

Bwana Afya aliufuata waya kwa kidole mpaka kwenye tundu, tundu ambalo si lile la karibu na mpini, akakaa kwenye kitanda cha kamba bila kukaribishwa.

"Nilikuuliza kama uko sawa," alisema.

"Ulikuwa sawa," mama akasema. "Haukutikisika hata kidogo."

Akaomba radhi. Akasema mama anaweza kuimba sasa hivi, betri za kaseti bado zina nguvu kidogo, tunarekodi bila waya. Mama akamtazama. "Niimbe peke yangu ndani ya nyumba mchana, kama mwendawazimu? Na kiitikio aitikie nani, wifi?" Shangazi akasema yeye yuko tayari. Mama akatoka nje. Nilimfuata. Alikuwa anakunja na kukunjua vidole vyake vilivyokufa ganzi. Akaniuliza bila kunitazama, "Walikata?"

"Hawakukata."

"Wote?"

"Wote."

"Ulisikikaje?"

Hapo ningeweza kusema kitu. Nilikuwa na mengi. Nikasema, "Vizuri."

"Vizuri," mama akarudia, kama mtu aliyeomba ugali akapewa majani.

Asubuhi lori lilipopiga honi barabarani nilidhani atasema hakuna kaseti. Akaitoa kwenye kikapu, ndani ya karatasi yake ileile. Nikamwambia humo hamna wimbo, mama. "Alisema atumiwe kaseti," akanijibu. "Mpelekee kaseti. Jina la Kasulu limo. Atajua tulijaribu." Nikakimbia nayo, nikampa yule mtu wa Kumsenga, amekaa juu ya magunia. Lori likaondoka.

Bwana Afya hakurudi kuchukua waya wake. Nadhani alikuwa hataki kuuona. Baadaye akahamishiwa Kakonko, nasi tukabaki nao nyuma ya redio, unaning'inia. Mama alipanda maharage, akavuna. Posta nilikwenda, sikukuta kitu. Mama aliacha kuuliza. Kisomo alikwenda bado, lakini wanawake wakimwambia aanzishe ule wimbo alikuwa anasema koo linamuuma.

Baba alikuja kipindi cha kupura maharage. Hakuandika kwamba anakuja. Tulimwona anapanda njia, kitambaa shingoni, begi moja, amekonda, na hakusalimia kwanza. Alisimama mbele ya mama aliyekuwa na fimbo ya kupuria mkononi, akasema:

"Ni nani huyo anayekwambia usiachie?"

Mama hakuelewa. Shangazi, ambaye alikuwa anapepeta pembeni, alielewa mara moja. Alitua ungo chini taratibu ili asimwage, kisha akaanza kucheka mpaka akashikilia ukuta.

"Kambi nzima imesikia," baba akasema. "Usiku wanaiomba. Nikipita njiani wananiambia, hivyo hivyo, usiachie! Nimeondoka kazini. Nataka kumwona huyo mtu."

"Ulipopata kaseti uliisikiliza yote?" mama akauliza.

"Mara ngapi!"

Mama akaitupa fimbo. "Nimekuimbia na wanawake wa kijiji kizima," akasema, "redioni, nchi nzima inasikia, wewe hukusikia. Mwanamume mmoja wa vyoo kasema usiachie, umesikia mpaka Tanga!"

Shangazi alimweleza kaka yake, kwa Kiha, mambo ya waya na fata na shika, na alieleza vizuri kuliko nilivyoandika mimi hapa, maana yeye alikuwa anaigiza. Baba hakucheka. Aliingia ndani, tukamfuata. Akaona redio yake. Akaushika ule waya nyuma yake, akaupitisha katikati ya vidole polepole mpaka kwenye kichwa cha pili kilichokuwa kinaning'inia hewani.

"Huu unakwenda wapi?" akauliza.

"Hauendi popote," mama akasema.

Baba akakaa na kichwa cha waya mkononi. Akauliza, kwa sauti ya chini, wimbo wenyewe ulikuwa unasema nini.

"Mwulize mwanao. Ndiye aliyeusikia."

Wote watatu wakanigeukia. Nilianza. Nilisema sasa nasoma mwenyewe, nikasahau kutaja baba watoto, nikarudi nyuma, nikasema andika unachoogopa. Jasho lilinitoka. Baba alikunja uso. "Aandike nani? Anaogopa nini?"

"Si hivyo!" mama akasema kwa ukali, hapo hapo mlangoni, makapi ya maharage yako kwenye nywele. Akausema yeye. Hakuimba, alisema tu, kwa hasira, kama mtu anayedai kitu chake: baba watoto, sasa nasoma mwenyewe, niandikie lile uliloogopa wengine wasome.

Baba aliuzungusha waya kwenye vidole, akauzungusha tena, akauweka mezani.

"Sina karatasi," akasema.

"Basi sema," mama akamwambia. Kisha akatutazama mimi na shangazi. "Ninyi tokeni."